Aliyehesabu Hadi Tatu

Hebu niambie, wewe ungeweza kumpenda mtu uliyemkuta kwenye lango la kazini kwako, ameshika bango linalokuita mlinzi wa jela?

Janelle Haskett alimpenda. Ilikuwa Jumamosi ya Julai, mwaka 2014, jua la San Diego limeshaanza kulainisha lami, na mbele ya Coral Landing, ile bustani ya wanyama wa bahari, watu walikuwa wamefurika. Upande huu foleni ya wazazi na vigari vya watoto, harufu ya bisi na mafuta ya kujipaka juani. Upande ule, nyuma ya kamba, waandamanaji kama mia wakiimba kwamba orka waachiwe. Orka ni wale nyangumi weusi wenye mabaka meupe, na Janelle alikuwa mwalimu wao kwa mwaka wa kumi na tano. Siku zote alipita mlango wa nyuma, ila asubuhi hiyo lori la samaki lilikuwa limekwama palepale mlangoni. Akavaa sweta la kijivu juu ya sare, joto lote lile, akainamisha kichwa apenye katikati ya watu.

Akakutana uso kwa uso na mwanamume mrefu, shati la drafti limekunjwa mikono, viatu vimekaukiwa na saruji. Alikuwa ameinua bango kwa nguvu zake zote, na bango limegeuka.

"Kaka," Janelle akamwambia kwa sauti ya chini, "bango lako liko kichwa chini miguu juu."

Yule bwana akalitazama. "Kumbe ndiyo maana watu wananipungia kwa huruma."

"Unajua lakini limeandikwa nini?"

"'Walinzi wa jela, rudini kwenu.' Kaandika mpwa wangu. Mimi ningeweka adabu kidogo."

Janelle akafungua vifungo viwili vya sweta, sare ikaonekana. "Basi mmoja wao ni mimi. Nirudi kwetu sasa hivi, au niwalishe kwanza?"

Masikio yakamwiva yule bwana. "Walishe kwanza, dada. Ukitoka, na wewe nikulishe."

Jina lake Efrén Zavala, mtu wa mtaa wa Barrio Logan, fundi wa vigae vya mabwawa ya kuogelea. Jioni ile walikaa kwenye benchi la duka la taco, ile mikate myembamba ya Kimeksiko inayokunjiwa samaki, limau linawachuruzika vidoleni, akamweleza kilichompeleka langoni. Alikuwa amempeleka mpwa wake kwenye maonyesho. Watu wote wakatazama wanyama, yeye akatazama bwawa, maana ndiyo kazi yake. Akapima kwa macho urefu, akapima kina, kisha akapima urefu wa mnyama mwenyewe. Tangu hapo, alisema, maonyesho yakamshinda. Janelle alikuwa na jibu la watu wa namna hiyo, jibu zuri walilofundishwa kazini. Hakulitoa. Na yeye pia alikwisha kulipima lile bwawa zamani, ila hakuwahi kumwambia mtu.

Wakapendana hivyohivyo, mmoja ndani, mmoja nje. Kila Jumamosi Efrén alisimama na bango lake (siku hizo alilikagua mara mbili), na kazi ikiisha walikutana maegeshoni kama watu wasiojuana, wakaenda kula. Saa za mapumziko ya chakula simu zilikuwa hazikatiki. Efrén angeuliza kama mlinzi wa jela ameshakula. Janelle angeuliza kama mpiga kelele amebakiwa na sauti ya kumwambia mtu neno tamu. Mama yake Efrén aliwasikiliza siku moja, akasema hajawahi kuona wachumba wanaotukanana kwa raha namna ile.

Sasa kuna jambo la kazi yao lazima ulijue, vinginevyo hutaelewa kilichotokea. Mwalimu wa orka, mnyama akikosea, hapigi kelele wala hakunji uso. Anashusha mikono, uso unakuwa kama ukuta, anahesabu moyoni moja, mbili, tatu, halafu anaendelea na jambo jingine. Mnyama mwenyewe anaelewa kuwa hapo hapana samaki. Ukifanya hivyo miaka kumi na tano, unafanya vivyo hivyo hata mezani, hata benki. Mara ya kwanza Efrén alipofanyiwa ilikuwa kwa sababu ya kuchelewa saa nzima. Alipoelezwa maana yake alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo ukawa mchezo wao. Janelle akinyamaza, Efrén anahesabu kwa sauti, akifika tatu anasema, "Hapa sipati samaki, bibiye. Nijaribu tena?" Na Janelle anashindwa kuzuia kicheko.

Mchezo huo ndio uliowaponza.

Mwaka wa pili, mwezi wa Machi, baada ya barua nyingi na mabango mengi na viti vingi kubaki vitupu, wakubwa wa Coral Landing walitangaza kwamba hawatazalisha orka tena. Waliopo watakaa mpaka mwisho wao, na baada yao basi. Langoni watu walikumbatiana, wengine wakalia. Ndani, walimu waliambiwa habari hiyo katika chumba cha kukatia samaki, wamesimama na mabuti yao ya mpira, hakuna aliyejua auweke wapi uso.

Mchana wa siku hiyo Efrén alipanda ngazi za nyumba ya Janelle kule North Park. Alikuwa amenyoa, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, mkononi sufuria ya tamale za mama yake, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda, bado zafuka moshi. Janelle alikuwa jikoni, nywele mbichi zimemlowesha mabega ya fulana.

"Wamekubali, mpenzi," Efrén alisema. "Hakuna mtoto mwingine atakayezaliwa mle."

"Nimesikia."

Akaweka sufuria mezani, akatoa pete, pete nyembamba yenye jiwe la kijani. "Basi wao wamemaliza, tuanze sisi. Nikuoe, Janelle. Tuzae, hata mwakani."

Hakuwa na nia mbaya. Furaha ilimjaa, maneno yakamtoka yalivyokuja. Hakujua habari za Suvi.

Suvi alikuwa orka jike, na alimwamini Janelle kuliko mtu yeyote. Miaka kumi na moja nyuma alikuwa na mtoto dume wa miaka minne, ikaamuliwa apelekwe bustani nyingine, pwani ya upande wa pili wa nchi. Kreni ilikuja alfajiri. Kazi aliyopewa Janelle ilikuwa ndogo: kupuliza filimbi, kumwita mama aje bwawa la nyuma. Akapuliza. Suvi akaja mbio, akapewa samaki wake, akakunwa mgongo, na lango la chuma likashuka nyuma yake. Alipogeuka, mtoto alikuwa ameshalazwa kwenye machela ya turubai, ananing'inia hewani na maji yanamtiririka. Siku sita Suvi alikaa pembe moja ya bwawa, akitoa sauti ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuisikia kwake. Na Janelle ndiye aliyemlisha siku zote hizo sita.

Toka hapo, kila alipotamani mtoto, na alitamani hata akawa anazunguka njia asipite duka la nguo za watoto, aliliona lile lango. Akajiuliza yeye ana haki gani. Kwa hiyo Efrén alipoyachanganya yote mawili kwa pumzi moja, wanyama na wao, koo lilimziba. Mikono ikashuka. Uso ukawa ukuta, maana uso mwingine wa kubebea jambo zito hakuwa nao.

Efrén alimtazama. Midomo yake ikatikisika taratibu, bila sauti, mara tatu.

"Nimeelewa," akasema. "Hapa sipati samaki."

Safari hii hakuomba kujaribu tena. Akarudisha pete mfukoni, akashuka ngazi, akaiacha sufuria. Dirisha lilikuwa wazi. Janelle alimsikia akifungua mlango wa gari, akakaa humo muda mrefu kabla ya kuwasha. Angeita jina lake tu lingetosha. Badala yake alisimama akijiambia kwamba mwanamume anayeondoka upesi hivyo alikuja kusherehekea ushindi wake, si kuoa.

Siku ya nne Efrén alipiga simu. Janelle alikuwa bwawani, na alipoiona hakumpigia. Wiki ya pili akapiga yeye nyumbani kwao Efrén, akapokea mama, akamwambia kwa upole kwamba Efrén ameenda Fresno kwenye kazi ya miezi sita. Janelle hakuacha ujumbe. Miezi ikawa mwaka, na mwaka ukazaa mingine. Langoni hakusimama mtu tena. Maonyesho ya muziki na kurusha maji yakafutwa. Janelle akafikisha miaka arobaini na tano, akala keki yake ya siku ya kuzaliwa ofisini.

Februari ya mwaka wa saba tangu waachane, Suvi aliugua figo, akafa asubuhi, mkono wa Janelle uko juu ya paji lake. Gazeti liliandika mistari michache. Jioni simu ikalia, na jina likatokea ambalo hakuwahi kulifuta.

"Nimesoma," Efrén alisema. "Umekula?"

"Hapana."

"Kesho uko wapi?"

Kesho yake Janelle alikuwa kwenye duka la mashine za kufulia, mtaa wa University, anafua shuka za nyumbani, na sare zake mara ya mwisho azirudishe. Alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi usiku uleule wa simu. Efrén aliingia na mfuko wa mikate ya sukari, ndevu zimeingia mvi, mgongo umeinama kidogo kwa miaka ya kupiga magoti kwenye vigae. Aliwahi kuchumbia mtu kule Fresno, akamwambia bila kuulizwa, uchumba ukavunjika kabla ya kadi kuchapwa. Kisha akashika ncha mbili za shuka iliyotoka kwenye mashine, Janelle akashika mbili, wakawa wanakunja, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana tena.

"Siku ile nilihesabu," Efrén akasema. "Nilipofika tatu nikajua nimekosea."

"Hukukosea. Sikuwa nahesabu, Efrén. Nilikuwa nimekabwa."

Akamweleza. Filimbi, lango, machela, siku sita. Alieleza huku macho yake yako kwenye shuka. Efrén alikaa kwenye benchi, kofia mapajani, na mashine zote zilikuwa zinazunguka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye mwenye bango. Nilijua ungeniona vipi."

"Ningekuona mtu aliyebeba peke yake miaka kumi na moja," akasema. "Na mimi nimekuachia ukabeba saba zaidi." Akafuta uso kwa kiganja. "Kama koo lingefunguka siku ile, ungenijibu nini?"

Janelle aliiweka shuka juu ya nyingine, akainyoosha ukingo ambao tayari ulikuwa umenyooka. Mwanamke mmoja kwenye kona aliacha kupanga soksi, akasikiliza bila aibu.

"Ningesema ndiyo. Nilitaka mtoto, nilimtaka kwako, na huyo hatumpati tena. Lakini kabla ya mtoto, nilikutaka wewe uwe mume wangu. Bado nataka."