Nyumba ya Aliyeingia Mwisho

Saa nne asubuhi mfumo wa kompyuta uliandika: Serwaa ameingia. Serwaa alikuwa maiti, wiki ya saba sasa, katika mochwari ya sita, akingoja mazishi ya Jumamosi.

Mumewe, Baffour, ndiye aliyeutengeneza mfumo huo, pale Kumasi, kwa mochwari tisa. Karani akiingia, jina lake lilitosha: mfumo ulijua ni wa mochwari gani, ukamwonyesha maiti wa kwao tu. Serwaa, akiwa hai, aliwasaidia makarani wote kwa simu kutoka kiti chake ofisini kwa Baffour, hakuwa na mochwari ya kwao. Kwa hiyo Baffour alimwandikia kanuni yake peke yake: asiye na mochwari apewe ya aliyeingia mwisho.

Akaunti yake hakuifuta. Alishindwa.

"Kaka, kuna mtu analo neno lake la siri," alinong'ona Nhyira, mwenzake wa ofisini.

"Hakuna anayelijua."

"Basi mbona humu ofisini mnatoka harufu ya nywele zilizoungua?"

Kufikia adhuhuri Serwaa alikuwa amepita mochwari ya pili, ya nane, ya nne, akimfuata kila karani aliyeingia. Kila alikopita, maiti mmoja aliandikwa "amechukuliwa", na droo ilipofunguliwa ilikuwa tupu, ina joto.

Mallam Zakari, shehe wa Zongo, mtaa wa Waislamu, aliitwa. Alisoma dua, akakitazama kioo cha kompyuta bila kukigusa.

"Huyu si mkeo, mwanangu. Ni jini, kakuta jina limeachwa wazi. Lifute kabla karani wa mochwari ya sita hajaingia."

"Huwa anaingia saa tisa," alisema Nhyira. "Kaka, bonyeza."

"Ngoja nimuage."

"Utamuaga Jumamosi! Bonyeza, we mtu, nakuomba!"

Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na Baffour akalitazama lile jina dogo lenye alama ya kijani, akakumbuka Serwaa alivyokuwa akilichapa kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika donge lake la mahindi, kenkey, na harufu ikazidi, na ngazi za mbao za kupandia ofisini zikaanza kulia moja baada ya nyingine ingawa hapakuwa na mtu aliyepanda, na alipobonyeza ilikuwa imeshapita dakika moja baada ya saa tisa.

Jina likatoweka. Harufu ikakatika. Mallam hakumshukuru Mungu.

Simu ikaita. Karani wa sita.

"Bosi, pole. Naona shemeji umeshamchukua. Si tulisema Jumamosi?"

"Nani kaandika?"

"Kwani si wewe? Hapa pameandikwa: kapelekwa kwa mumewe."

Nyuma ya Baffour, kiti cha Serwaa kikavutwa taratibu, kama cha mtu anayerudi kazini.