Mto Hushusha Kizito Kwanza

"Umekula saruji yangu, Fundi! Sema ukweli!"

"Mama Sindano, chunga ulimi. Nusu ya nyumba za mtaa huu nimejenga mimi."

"Na zikidondoka?"

Mtaa mzima ulikuwa nje. Mama Sindano, mshona nguo, alikwaruza kwa kidole ukuta wa chumba chake kipya cha kushonea. Lipu ikamwagika kama makombo ya mkate. Fundi, jirani yake, aliipaka wiki mbili tu zilizopita. Na maneno yana miguu: tangu asubuhi, watu wawili walikuwa wamemwambia asije tena kazini kwao.

Bi Kisima akapenya katikati ya watu. Mama huyu huchimba visima, na penye kelele hakosi.

"Mchanga mlitoa wapi?"

"Mtoni, kwenye kona maji yanapotulia," alijibu Mama Sindano kwa maringo. "Nilichagua mwenyewe. Laini kama hariri! Fundi alitaka wenye chenga, nikakataa."

"Mwenzangu, mchanga hauchaguliwi kama kitambaa."

Bi Kisima aliomba chupa. Akatia mchanga uliobaki, akajaza maji, akatikisa, akaiweka chini. Chenga zilitua upesi. Watu walipiga soga, na walipoangalia tena, tabaka nene la tope lilikuwa limelala juu yake.

"Hili tope ndilo lililovunja lipu; linazuia saruji isishike mchanga," alisema. "Mto ni kama mchukuzi. Ukikimbia, unabeba mpaka mawe. Ukichoka, unashusha kizito kwanza: kokoto, halafu mchanga. Tope unalitua mwisho, maji yanapotulia. Hapo ndipo ulipochota wewe!"

Watu wakacheka. Mama Sindano hakucheka.

"Nikichimba kisima," Bi Kisima aliendelea, "nakuta mwamba wa matabaka, kama mikeka iliyopangwa. Ni mchanga na tope vya mito ya kale. Tabaka likalalia tabaka, uzito ukakandamiza, na madini yaliyomo kwenye maji yakaunganisha chembe. Vikawa jiwe."

"Kwa muda gani?" aliuliza Mama Sindano.

"Miaka maelfu, hata mamilioni."

"Basi lipu yangu nayo niisubiri?"

Safari hii hata Fundi alicheka. Kisha akasema taratibu, "Twende juu kidogo, maji yanapopita kwa kasi. Tuchote mchanga wenye chenga, tuuoshe."

Walikwenda siku hiyohiyo. Fundi akabandua lipu yote, akapaka mpya, akaimwagilia maji kila siku ikomae. Baada ya wiki mbili Mama Sindano alikwaruza kwa kidole, kisha kwa ufunguo. Haikutoka hata punje.

Alisimama mlangoni, akapaza sauti ileile ya siku ya ugomvi.

"Jamani, sikieni! Fundi hakuiba saruji. Kosa lilikuwa langu, mimi niliyechagua mchanga!"

Vichwa vikachungulia madirishani. Fundi aliinama, akijifanya anapangusa mwiko.

"Na wewe, kaka yangu, utasimama nje mpaka lini? Nawa mikono uingie. Chakula kiko mezani."