Abiria Asiyeshuka

Asubuhi hiyo ya mwaka 1993, meli ya MV Makobe ilikuwa inaikaribia Bukoba ziwa lilipochafuka ghafla. Mawimbi yaliipiga ubavuni, makreti ya soda yakateleza, na watu wa daraja la tatu wakaanza kusali kila mmoja kwa lugha ya kwao. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamshika mkono Josephat, serahangi wa meli, mtu mzima anayeongoza mabaharia wote wa sitahani.

"Baba, nipe jaketi la kujiokolea. Mimi kuogelea sijui."

"Hakuna hatari, mama. Upepo huu wa kupita."

"Upepo upite jaketi nimevaa."

Watu wakaunga mkono. Koplo Sabina Maige, polisi wa zamu melini, akasogea. Alikuwa na juma moja tu katika kazi hiyo na alitaka ionekane kwamba yupo. Akaamuru kasha la majaketi lifunguliwe. Josephat alisimama kidogo, kisha akaenda kuleta ufunguo.

Mstari wa juu ulikuwa wa majaketi kweli. Mama yule akavaa lake, na waliosimama mbele wakayachukua mengine. Sabina alipoingiza mkono kutafuta ya chini, akagusa kitu kigumu. Akavuta. Kilikuwa kiroba kilichojazwa maranda ya mbao. Chini yake kiroba kingine, na kingine tena.

Kasha la pili likafunguliwa, na la tatu. Yote yalikuwa hivyo hivyo.

Upepo ulitulia kabla hawajafika bandarini, lakini abiria walishuka kimya, wakiitazama meli kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemdanganya. Nahodha alimwita Sabina chumbani kwake.

"Habari hii ikifika Mwanza bila jina la mwizi, jina litakalotajwa ni langu," alisema. "Nitafutie mtu."

Sabina akaanza na makasha. Kufuli hazikuvunjwa. Zote zilikuwa zimepakwa grisi, zikifunguka bila kelele. Kisha akamwendea Josephat.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Funguo za makasha zinakaa wapi?"

"Kwenye msumari, chumba cha kulia cha mabaharia. Mlango wake haufungwi. Yeyote anaweza kuchukua."

"Mara ya mwisho makasha kukaguliwa hadi chini ni lini?"

"Tunafungua, tunaona majaketi, tunafunga. Nani anachimbua?" Josephat alikuna kidevu, akatazama nyuma ya meli. "Sipendi kumsemea mtu. Ila yupo abiria mmoja asiyeshuka."

"Asiyeshuka vipi?"

"Wenzake wakishuka Bukoba yeye anabaki. Anajikunyata huko nyuma hadi jioni, tunarudi naye Mwanza. Kesho kutwa yumo tena. Meli hiyo hiyo, benchi hilo hilo. Hana mzigo, hana biashara. Mtu wa namna hiyo melini anatafuta nini?"

Sabina alimkuta nyuma kabisa, kwenye benchi la mbao. Alikuwa mwanamume aliyevuka makamo, mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, begi la turubai magotini. Meli ilikuwa tupu. Vibarua walikuwa wakimwaga maji sakafuni, wakipita na magodoro ya vyumbani mabegani, na yeye alikuwa ameinua miguu yake ili wafagie chini yake.

Sabina hakumwamkia. Baadaye alilikumbuka jambo hilo kuliko mengine.

"Jina lako?"

"Ogweno."

"Unaishi wapi?"

"Igoma, Mwanza. Kwetu ni Mara."

"Bukoba umefuata nini?"

Ogweno akatazama ziwa. "Sikufuata kitu."

"Juzi?"

"Juzi pia."

"Mtu mzima anapanda meli kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, bila sababu?"

"Sababu ninayo, afande. Siwezi kukuambia."

"Fungua begi."

Ndani mlikuwa na ovaroli ya bluu iliyokunjwa kwa uangalifu, spana mbili zilizofungwa kitambaani, na kikopo kidogo chenye grisi. Sabina alichovya kidole, akaenda hadi kwenye kasha, akalinganisha na grisi ya kufuli. Nyeusi kwa nyeusi. Moyo ukamruka kwa furaha. Akamfunga Ogweno pingu, na kutwa nzima akamweka mahali ambapo kila aliyepanda jioni ile kurudi Mwanza alimwona.

Usiku Sabina alilala chumba cha daraja la pili. Godoro lilinuka uvundo kama juma lililopita, lakini hakulijali. Alikuwa anapanga maneno ya kumweleza mkuu wake wa kituo.

Asubuhi bandari ya Mwanza ilijaa watu. Wachuuzi wa ndizi walikuwa wakigombania mikungu kabla haijashushwa. Sabina alimtanguliza Ogweno kwenye ngazi. Josephat alikuwa mbele yao, akipisha njia. "Mwizi wa majaketi huyo!" mtu akapaza sauti, na wengine wakaipokea. Kutoka katikati ya wachuuzi akajitokeza mwanamke mfupi, kanga kiunoni, mkungu wa ndizi kichwani.

"Baba Adoyo?"

Ogweno akasimama kama aliyepigwa.

"Afande, umekosea mtu," mwanamke alisema, akiutua mkungu chini. "Mimi ni mke wake, Akelo. Huyu ni fundi wa meli hii. Yuko chumba cha injini tangu kiwanda cha nguo kilipompunguza kazi. Waulize wenzake."

Sabina akamgeukia kijana wa injini aliyekuwa anavuta sigara kando. "Mnamjua?"

Yule akatabasamu, akafungua kinywa kujibu. Ogweno akamwahi.

"Ni kweli nimeiba," alisema kwa sauti kubwa. "Majaketi nimeiba mimi. Nipeleke kituoni, afande. Nipeleke sasa hivi."

Akelo hakulia. Alikaa juu ya mkungu wake, akafunika uso kwa ncha ya kanga, na watu wakampita pande zote mbili.

Kituoni Sabina alipewa mkono wa pongezi na wakubwa. Nahodha alituma salamu. Ilibaki kuandika maelezo ya mtuhumiwa tu.

"Majaketi uliyapeleka wapi?"

"Niliyatupa ziwani."

Sabina aliandika, kisha kalamu ikasimama katikati ya neno.

"Ziwani?"

"Ndiyo. Yakazama."

"Mzee Ogweno, jaketi la kujiokolea huwa linazama?"

Kwa mara ya kwanza Sabina alimtazama sawasawa, akaona mikono iliyotulia mezani, kucha safi kama za karani. Fundi wa injini hana kucha za namna ile. Mtu anayebeba grisi kwenye kikopo ni yule ambaye kazi yake haimpi grisi.

Akaweka kalamu chini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ovaroli huwa unaivaa wapi?"

Ogweno akafumba macho. "Tukikaribia Mwanza. Chooni. Kuna kijana wa injini ananipa grisi iliyotumika, najipaka mikononi na kifuani. Mke wangu huja bandarini kununua ndizi za kuuza sokoni Mirongo. Lazima anione nimechafuka."

"Na kazi?"

"Kazi haipo. Waliponipunguza nilizunguka mji mzima. Kila mahali naambiwa mzee pumzika. Siku moja nikamwambia nimepata melini. Alifurahi mno, afande. Aliita majirani. Baada ya hapo ningerudi nyuma vipi? Nikawa nakula kiinua mgongo changu kwa nauli."

"Ukakubali kufungwa kwa ajili hiyo?"

"Mwizi ni mwanamume aliyefanya kitu," alisema Ogweno. "Mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi."

Sabina alisikia uso wake unawaka. Aliona tena ile ngazi, watu, yule mama juu ya mkungu. Alitamani kuinuka aondoke, lakini kulikuwa na swali moja ambalo mtu huyu tu angeweza kulijibu.

"Mzee, wewe ndiye pekee uliyebaki melini wengine wakishuka. Nieleze, mtu asiyeshuka anaona nini?"

"Hakuna cha maana. Meli ikimaliza kushusha watu inakuwa kama nyumba ya mtu mwingine. Wanafagia, wanamwaga maji, wanakutazama kama fenicha. Wanatoa magodoro kwenda kuanika nyuma ya bandari, wanayarudisha alasiri."

"Kila safari?"

"Kila safari, Bukoba. Yanatoka yamekunjwa, yamefungwa kamba, yamenenepa kama mapipa, kila moja na mtu wake. Yakirudi membamba, kibarua mmoja anaweka mawili begani." Akakunja uso. "Si ajabu hiyo? Godoro lililokaa juani ndilo linalofura."

Sabina akakumbuka uvundo wa godoro lake. Magodoro yanayoanikwa kila safari hayawezi kunuka vile.

"Nani anayasimamia?"

"Mzee Josephat mwenyewe. Mtu mwema. Amewahi kunipa chai."

Sabina alieleza yote kwa mkuu wa kituo, akaomba jambo lisitoke nje kwanza. Safari iliyofuata alipanda tena MV Makobe. Wale waliomzoea walimpigia saluti za utani na kumwita shujaa. Kila saluti ilimchoma. Bukoba abiria waliposhuka hakushuka. Alikaa kwenye benchi lile la nyuma, na kweli, meli ilianza kumpita kama hayupo. Mifagio ikaja. Ndoo zikaja. Kisha magodoro.

Aliinuka, akamgusa kibarua wa mwisho begani, akamwambia aliweke godoro chumba cha kulia cha mabaharia. Halafu akamfuata Josephat.

"Shikamoo, mzee. Naomba tuzungumze ndani."

Josephat aliliona godoro mezani, akafunga mlango mwenyewe. Sabina akakata kamba. Godoro likafunguka taratibu, na majaketi mawili ya rangi ya chungwa yakaanguka sakafuni.

"Kumbe yalikuwa bado," alisema Sabina.

"Ya makasha ya nyuma. Hamkuyafungua siku ile."

"Unamuuzia nani?"

"Hata moja sijauza." Sauti ya mzee ilipanda. "Unawajua wavuvi wa visiwani? Tangu waje wenye viwanda vya sangara, vijana wanakwenda mbali kusikoonekana nchi kavu, ndani ya mitumbwi ya mbao, hawana hata boya. Mwanangu Paulo alikuwa huko. Aliletwa ufukweni na wimbi. Mimi ndiye niliyemtambua, kwa mkanda. Nikarudi kazini, nikafungua kasha, nikayaona majaketi yamelala. Yamelala tu, miaka yote! Nikaanza kuyapeleka kwa wenzake. Nahodha hajui, vibarua hawajui. Mama anayetunza stoo ya nyuma ya bandari, tunakoanika magodoro, ni dada yangu."

"Yule mama mwenye mtoto mgongoni naye ana mtoto, mzee."

"Najua. Lakini meli hii hupakia watu kuliko majaketi hata kasha likijaa. Muulize nahodha hilo, uone atakavyokohoa."

Sabina alilijua. Kila jioni alikuwa anasimama ngazini akiwaona wakipita, na hakuwahi kusema.

"Hayo nitayaandika," alisema. "Na Ogweno je? Yeye alizamisha mtoto wa nani?"

Hapo Josephat akaketi.

"Nilimjua tangu safari yake ya pili," alisema polepole. "Nilimwona anatoka chooni na ovaroli. Nilielewa. Nikampa chai, nikawaambia vijana wamwache. Uliponiuliza nani, nikamtaja yeye kwa sababu ana haya. Mtu mwenye haya hajitetei." Akafuta uso kwa kiganja. "Majaketi ningeweza kumweleza hata hakimu. Hili siwezi kumweleza mtu."

Nje vibarua walikuwa wakiitana.

"Binti yangu, usinifunge mbele yao. Nitatembea mwenyewe."

Sabina alikuwa ameshika pingu. Zilikuwa zile zile. Alizirudisha mkandani, wakashuka pamoja kama mtu na baba yake, na hakuna aliyegeuka kuwatazama. Alitembea akijua amempa mkosaji heshima aliyomnyima asiye na kosa, na kwamba hata angemfunga sasa, hakuna ambalo lingerekebishika.

Kesho yake yeye na polisi wa Bukoba walivuka hadi kambi ya wavuvi kukusanya majaketi. Vijana waliyavua bila ubishi. Mwanamke mmoja tu aliuliza, "Mnayarudisha kasha lipi?" Sabina alijifanya hajasikia.

Ogweno aliachiwa. Jumapili, Sabina alikwenda Igoma amevaa sare, kwa kuwa alimkosea akiwa ndani ya sare. Akelo alikuwa uani akichambua dagaa. Majirani walikuwa vibarazani mwao.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kusema mbele ya watu kwamba mzee hakuiba. Nilikosea. Naomba radhi."

Akelo hakuinua kichwa. "Ungeniachia mwizi wangu, afande. Mwizi ningempelekea chakula gerezani, ningewaambia watoto kuna siku atatoka. Huyu mliyeniletea aliona heri kufungwa kuliko kuniambia mimi hana kazi. Nitampelekea nini?"

Mlango ukafunguka. Ogweno alitoka na kigoda, akakiweka mbele ya Sabina. Hakukaa yeye, na Sabina alishindwa kukikalia.

"Umesema, nimesikia," Ogweno alisema kwa upole. "Asante. Sasa nenda, binti yangu. Ukizidi kusimama hapo na hizo nguo, watu watadhani umenifuata tena."

Sabina akavua kofia, akaikunja mkononi, akatoka kwa mlango wa nyuma wa ua.