Vistari Vinavyokuja Nyumbani

Jua lilikuwa linazama na nilikuwa nimeshavaa viatu vya kuondokea, mkuu wetu aliponiwekea ramani mezani.

"Dada, futa hako kanjia tu. Kesho inakwenda kuchapwa."

Kanjia tu. Watu wasioshika wembe wa kukwangulia wino, kila kitu kwao ni "tu".

Mimi ni mchora ramani. Mistari miwili ni barabara ya lami, mmoja ni ya vumbi. Vistari vilivyokatikakatika ni njia ya miguu. Misalaba ni makaburi. Kisanduku kilichojazwa wino ni nyumba yenye watu, kitupu ni gofu. Mtoto wa shule anayajua hayo.

Njia yenyewe ilianzia makaburini, nyuma ya ofisi yetu, ikaishia kijitoni. Wapimaji hawakuileta kwenye vipimo vyao. Nikaikwangua, nikapuliza unga wa wino, nikaenda kunawa mikono. Wino wetu mkaidi, hautoki. Mama hunijua kwa harufu yake kabla hata sijapiga hodi.

Niliporudi, njia ilikuwapo.

Na ilikuwa imevuka kijito.

Nikajicheka, nikasema ni macho tu. Nikakwangua tena, safari hii sikuondoka. Kistari kimoja kikajitokeza chenyewe. Kikatulia. Halafu kingine, mbele yake...

Mguu wa kushoto. Mguu wa kulia.

Kwa kidole nikafuata kule vilikoelekea: duka la kona, nyumba ya fundi cherehani, kisha kisanduku cheusi kidogo. Kwetu. Ndani yake alikuwemo mama yangu, peke yake, na tangu miguu imgomee hatoki kitandani ila nimbebe.

Nikampigia simu. Alipokea kwa kunong'ona.

"Mwanangu, kuna mtu anatembea nje."

"Mlango umefungwa?"

"Umerudishiwa tu. Nani wa kukufungulia wewe ukirudi?"

Kukimbia nisingewahi. Nikakwangua, vikarudi. Nikakwangua tena, vikarudi kwa kasi, vikalipita duka, vikamfikia fundi. Hapo nikafanya upumbavu ambao mchora ramani peke yake ndiye angeufikiria. Niliona njia haiwezi kufika pasipo na nyumba. Nikaupeleka wembe kwenye kisanduku chenyewe, nikaikwangua nyumba yetu, ili nimfiche mama.

Vistari vikasimama.

Nilimshukuru Mungu mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikatoka mbio kwa njia ya mkato, kupitia makaburini, mawe ya kijito, duka la kona. Fundi cherehani alikuwa anaingiza mashine yake ndani. Kando ya ukuta wake palikuwa na majani. Majani tu, ya kufika magotini.

"Nyumba iko wapi?" nilimuuliza.

"Ya nani, dada?" Alinitazama kama mteja mgeni, na gauni nililovaa alilishona yeye.

"Ya mama."

"Hapa? Hapa hapajawahi kujengwa."

Nikaingia majanini nikipapasa hewa. Niliita, nikazunguka, nikaita tena. Simu ikalia.

"Mwanangu... amefika. Anazunguka nyumba. Sasa amesimama mlangoni."

Nilikuwa nimesimama pale pale ulipokuwa mlango.

"Mama, ni mimi. Usiogope."

Nilisikia pumzi zake.

"Ananuka wino," akanong'ona. "Na sauti ameiba yako. Usije huku, mwanangu. Lala huko huko kazini."

Simu ikakatika.

Kesho yake niliichora nyumba upya kabla ramani haijaondoka. Kisanduku kilikubali, ila kila nikikijaza, wino ulipukutika. Ikachapwa hivyo hivyo, na kisanduku kitupu. Mkuu akasema niache kulilia gofu. Kule kwetu majani yako vile vile.

Lakini jua likizama, mama hupiga simu. Nimekwenda jioni nyingi sana. Kila nikienda nasikia simuni anavyotetemeka kwa ajili yangu mimi, mwanawe, na hakuna neno ninaloweza kumwambia akaamini. Maji yakimwagika hayazoleki. Basi leo nimeamua nisiende. Nimeketi ofisini, mlango nimeufunga, viatu vya kuondokea viko chini ya meza. Nimesema angalau jioni moja mama yangu apumzike.

Ramani ile, iliyorudi kutoka kuchapwa, iko mbele yangu.

Kistari cha kwanza kimetokea makaburini. Mimi sijainuka kitini.

Kikafuata cha pili. Vikavuka kijito. Nimekwangua mpaka karatasi imetoboka, navyo vimelizunguka tundu vikaendelea. Duka. Fundi. Vimefika kwenye kisanduku, vikasimama.

Simu imelia.

"Mwanangu," mama amesema, na leo sauti yake ni kavu, haina hofu hata kidogo. "Nisamehe. Siku zote hizi kumbe ulikuwa wewe, na mimi nakufukuza. Leo umepiga hodi vizuri, kama zamani."

"Mama, usi..."

"Nimeshakwambia karibu. Mbona bado unaongea na simu? Si umeshaingia?"

Ndani ya kile kisanduku, wino umeanza kujaa.