Pipa la Maji Yaliyolala

Kila siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, kabla chai haijachemka katika nyumba ya Bwana Kamaldin kule Kakoba, mjini Mbarara, Sidonie alikuwa tayari ameshika ndoo. Bomba lilikuwa kwenye kona ya ua, karibu na lango. Pipa lilikuwa upande wa pili kabisa, chini ya ukuta wa jikoni, na kulijaza kulihitaji ndoo kumi na mbili. Sidonie alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku hizo alihisi mikono yake imerefuka kuliko alivyoumbwa.

Hakuwa mtumishi wa nyumba hiyo, ingawa aliosha vyombo na kufua kama mgeni mwenye adabu anavyopaswa. Alikuja kulinda samaki. Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka 2012, na samaki hao walikuwa wa baba yake kwa kazi, na wa Bwana Kamaldin kwa nyumba.

Baba yake aliitwa Anselme. Zamani, kwao Uvira, alikuwa akipiga mbizi katika Ziwa Tanganyika kukamata samaki wadogo wa rangi, wale wanaoishi katikati ya mawe, ambao watu wa mbali huwafuga ndani ya matangi ya kioo. Vita vikamwondoa ziwani. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi analima maharage na mahindi huko Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na mgongo wake ulikuwa umechakaa kuliko jembe lenyewe. Jioni aliketi mlangoni. Mkewe, Mama Pélagie, alimkanda mgongo kwa maji ya moto, na asubuhi akaamka kulima tena.

Bwana Kamaldin alikuwa mfanyabiashara wa magodoro na sufuria, aliyepeleka bidhaa zake kwenye soko la Juru. Siku moja sokoni alilalamika kwamba alimnunulia mama yake, Bibi Sharifah, tangi la kioo, maana bibi alivunjika nyonga na alichoka kutazama ukuta. Lakini kila samaki aliyetiwa humo alikufa kabla ya wiki kwisha. Anselme alisikia, akatua gunia lake la maharage, akasema, "Mie nitaipanga."

Akalipanga kweli. Aliosha mchanga mpaka maji yake yakawa meupe. Alipanga mawe yakawa na vyumba vyumba, kwa sababu madume ya samaki wa mawe yakikosa kila moja chumba chake hugombana kama majirani wanaogombea mpaka wa shamba. Akafunga pampu ndogo ya hewa. Kisha akakataa kutia samaki! Kwa wiki tatu alidondosha punje za chakula katika tangi tupu, akisema maji lazima yakomae kwanza. Bwana Kamaldin akabaki kuwaonyesha wageni wake mawe.

Wiki ya nne Anselme alileta nkejje tisa kutoka Ziwa Nakivale. Nkejje ni wa ukoo mmoja na ngege, yaani perege, tunayemla, ila ni mdogo wa kutosha kulala kiganjani. Madume yaling'aa bluu. Majike yalikuwa na rangi ya tope, na moja lao lilikuwa na shavu lililovimba, wala halikula chakula.

"Huyu mugonjwa?" Bwana Kamaldin aliuliza.

"Hapana. Iko na mayai mu mudomo," Anselme alijibu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Sidonie akamwona baba yake akitabasamu. "Atabeba batoto siku kama makumi mbili, hakuli. Muache tu."

Bwana Kamaldin alikuwa na rafiki, Abdullah, mwenye hoteli karibu na soko. Yeye naye alitaka tangi kama hilo, na kuna wengine walioanza kuuliza. Lakini wote walisema neno moja: tuone kwanza kama samaki wa Kamaldin watamaliza mwezi. Wakiishi, Anselme angepata kazi ya ufundi wake, kazi isiyohitaji mgongo. Wakifa, basi ni jembe. Sidonie alilijua hilo vizuri.

Anselme alipaswa kurudi Juru kutayarisha shamba kabla ya mvua. Siku ya kuondoka alimshika bintiye bega, akamsimamisha mbele ya pipa.

"Maji ya robine, hii bomba, ina dawa. Ile dawa inaua samaki. Acha ilale humu siku mbili, wazi, dawa itoke. Kila siku ya tatu ubadilishe ndoo mbili mu tangi, yenye inabaki umwangie migomba, kisha ujaze pipa upya. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Alisikia kwa masikio. Moyoni hakuafiki. Kule Juru, tangu akiwa darasa la kwanza, wahudumu wa afya walisimama bombani wakitia dawa katika kila jerikeni, wakiimba na watoto kuhusu kipindupindu. Maji yaliyokaa wazi yalikuwa aibu ya mama wa nyumba. "Maji inanuka dawa, ile ndiyo maji ya uzima," Mama Pélagie alizoea kusema. Sasa aje mtu aseme maji ya uzima yanaua? Sidonie alidhani hayo ni mambo ya zamani ya Tanganyika. Hata maji ya mvua ambayo Bibi Sharifah alihifadhi katika mtungi wake barazani, ya kutawadhia na ya chai, yalimtia mashaka.

Hata hivyo alitii, siku kumi mfululizo. Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumanne, siku ya kufua mashuka ya bibi. Mashuka ni mazito, na bomba liko mbali. Pipa lilikuwa hapo hapo, limejaa maji yaliyolala, pembeni mwa jiwe la kufulia. Akachota ndoo moja. Akachota ya pili. Mashuka yalipotakata, pipa lilikuwa tupu, na Sidonie alikuwa amechoka mno hata akaliangalia tu. Nitalijaza kesho, aliwaza. Kesho hiyo tunaijua sote.

Kesho ilikuwa Jumatano, siku ya kubadilisha maji ya tangi. Saa nne asubuhi Bwana Kamaldin alikuwa dukani, bintiye Hafswah alikuwa madrasa, na Bibi Sharifah alikuwa amesinzia kitandani sebuleni. Sidonie alichota ndoo mbili moja kwa moja bombani. Zilinukia dawa. Maji ya uzima, alijiambia, akazimimina ndani ya tangi. Kisha akaanza kulijaza lile pipa haraka haraka, ili atakayepita asilione tupu. Alikuwa ametia ndoo ya kumi na mbili aliposikia sauti ya bibi.

"Sidonie! Njoo, mwanangu. Mbona samaki wote wako juu kama wanaomba dua?"

Sidonie alikimbia. Nkejje walikuwa wamepanda juu ya maji, midomo wazi, mashavu yakienda mbio. Dume kubwa la bluu lilikuwa limepauka, likalala ubavu. Jike lenye mayai lilikuwa limejibanza kwenye kona ya mawe likitetemeka, na mdomo wake bado umefungwa.

Wakati huo huo Bwana Kamaldin aliingia kuchukua funguo alizosahau. "Banange! Hii samaki nafanya nini?"

"Umeme ulikatika," Sidonie alisema. Maneno yalitoka yenyewe. "Pampu ilisimama muda mrefu."

Ulikuwa uongo mzuri, kwa sababu umeme hukatika kila wiki na hakuna anayeuliza. Bwana Kamaldin alitoa simu, akampigia Anselme, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Anselme alikuwa shambani, akihema.

"Bamekosa hewa?" alisema. "Basi mutoe nusu ya maji, muweke ile ya pipa yenye imelala. Mumimine toka juu, hewa iingie. Haraka, Bwana Kamaldin!"

Bwana Kamaldin alikunja mikono ya kanzu, akatoka uani mbio, akarudi na ndoo imejaa mpaka ukingoni. Ilitoka pipani. Sidonie alisikia harufu yake kabla haijamfikia, ile harufu aliyoipenda tangu utotoni, na sasa ikamtia hofu. Ndani ya pipa lile hapakuwa na tone lililolala. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Samaki watakufa wote, lawama itauangukia umeme, na Papa atarudi kwenye jembe mpaka mgongo ukatike.

Ndoo iliinuliwa juu ya tangi.

"Usimimine!" Sidonie alipiga kelele, akaukamata mkono wa Bwana Kamaldin kwa mikono yake miwili. Maji yakamwagika sakafuni. "Umeme haukukatika. Mimi nimesema uongo. Maji ya pipa niliyafulia mashuka, haya nimeyachota sasa hivi. Na ya bomba nimetia ndani ya tangi. Papa, ni mie!"

 

"Ndoo ngapi?" Anselme aliuliza simuni.

"Mbili, Papa."

"Iko maji ya mvua mu hiyo nyumba?"

"Mtungi wangu!" Bibi Sharifah alisema kutoka kitandani. "Uko barazani. Uchukueni wote."

"Mama, hiyo ya kutawadha," alisema Bwana Kamaldin.

"Nitatawadha kwa ya bomba. Mwenyezi Mungu ananijua. Chukua, mwanangu, unasimama nini?"

Walitoa nusu ya maji ya tangi wakamimina ya mtungi, taratibu, kata kwa kata, kutoka juu. Hafswah aliporudi kutoka madrasa aliwakuta Sidonie na Bwana Kamaldin wote wawili wamelowa. Hadi adhuhuri samaki wanne walikuwa wamekufa, lile dume la bluu likiwa mmojawapo. Watano waliteremka polepole wakarudi kwenye mawe. Jike lenye mayai lilikuwa kati yao. Sidonie na Hafswah walizika wale wanne chini ya mgomba. Sidonie alilia, na Hafswah hakumwambia anyamaze.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," Bibi Sharifah alisema jioni, Sidonie alipompelekea chai. "Wewe umejiumbua mwenyewe kabla ya kilio kikubwa. Lakini nenda ukanisuuzie mashuka yale kwa maji yote ya pipa, bado yana sabuni."

Anselme alifika Ijumaa, vumbi la barabara ya Isingiro limemjaa hadi kwenye kope. Alimsalimu bibi, akachuchumaa mbele ya tangi, akakaa hapo muda mrefu. Bwana Kamaldin alitoka msikitini akamkuta bado amechuchumaa.

"Anselme, samaki nne nakufa mu nyumba yangu," alisema. "Mimi nilikasirika sana. Lakini nilimwambia Abdullah yote. Yeye nasema, mufundi mwenye mutoto anaweza kusema kweli mbele ya mutu mukubwa, huyo alete tangi. Anakungoja kesho."

Anselme aliitika kwa kichwa tu. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kufurahi.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla Anselme hajaenda kwa Abdullah, Hafswah aliita watu kwa kelele. Jike la rangi ya tope lilikuwa limefungua mdomo. Watoto wadogo, kila mmoja hazidi punje ya mchele, walikuwa wakielea mbele yake. Hafswah alipogonga kioo kwa kidole, wote walirudi mdomoni kwa mama yao, naye akaufunga tena. Bibi Sharifah alicheka mpaka nyonga ikamuuma.

Anselme alimwita bintiye pembeni, wakakaa kwenye jiwe la kufulia.

"Ule mama alifunga mudomo siku mingi," alisema. "Hakula. Alichoka. Lakini alikuwa analinda batoto. Na weye, Jumatano ile, ulifunga mudomo yako. Ulikuwa unalinda nini?"

Sidonie alitazama miguu yake. "Nilikuwa najilinda mimi, Papa. Nilichoka kubeba maji. Na sikuamini kama dawa inaua."

"Kama hukuamini, ungeniuliza, ningekueleza. Na kuchoka si zambi. Mie nimechoka miaka kumi." Aliujaribu mgongo wake kwa kiganja, akakunja uso. "Ukichoka, sema, nimechoka. Mutu atakuja akusaidie kubeba ndoo. Lakini uongo, mutoto wangu, hakuna mutu atakusaidia kuibeba. Utaibeba peke yako mupaka ikuangushe."

 Sidonie akasema kwa sauti ndogo, "Papa, nimechoka."

Anselme akainuka, akachukua ndoo moja. Hafswah, aliyekuwa akisikiliza mlangoni na wala hakuona haya, akachukua nyingine. Walilijaza pipa watatu, ndoo kumi na mbili, Anselme akipumzika kila baada ya ndoo moja. Lilipojaa, Sidonie aliokota kipande cha mkaa jikoni, akaandika tarehe ubavuni mwa pipa, na hakulifunika.