Mwatum na Gazeti Rasmi

Kila Ijumaa, akishafua sare, Mwatum hujalidi madaftari yake kwa karatasi kuukuu na gundi ya unga wa ngano. Ijumaa moja ya mwaka 1969 alikuwa keshamaliza, madaftari yamo mkobani, babake alipoanza kunguruma chumbani.

"Sichana! Liko wapi Gazeti Rasmi nililoweka chini ya mto?"

"Sikuliona," mama alijibu kutoka jikoni.

"Hukuliona! Anayefagia humu ni nani? Umelitupa na taka!"

"Usinizulie, Machano. Si gazeti tu? Sokoni Darajani wanafungia karanga."

"Gazeti tu! Hayo ya karanga yana habari za mpira. Hili hutolewa na Serikali yenyewe: sheria, uteuzi, matangazo. Likishatoka, huwezi kusema hukuambiwa. Wenye viwanja huku Mpendae tumetakiwa tupeleke vyeti kabla ya siku maalumu, na siku yenyewe siikumbuki! Tukichelewa, kiwanja kimekwenda. Mzembe mkubwa wewe!"

Mama akautupa mwiko. "Mzembe mimi? Mimi niliyebeba mawe ya msingi wa nyumba hii?"

Mwatum alisimama ukumbini, akalitoa daftari la hesabu mkobani. Hakuna aliyemuuliza, angeweza kunyamaza. Lakini mama alikuwa akitukanwa kwa kosa lisilo lake.

"Baba, ni mimi. Nimejalidia daftari la hesabu. Vipande vilivyobaki nshawashia jiko."

Machano alilinyakua daftari. Tangazo lilikuwa limekatwa katikati. Kilichosalia juu ni jina la gazeti, nambari ya toleo na tarehe yake. Akainua mkono, akaushusha.

"Niondokee mbele yangu!"

Kesho yake alimburura Mwatum mpaka ofisi linakochapwa gazeti hilo. Karani aliisoma nambari, akatoa toleo lile lile kabatini. Mwisho ulikuwa Jumatatu! Mwatum alilinakili tangazo lote kwa mkono, neno kwa neno, na Jumatatu asubuhi vyeti vikapokelewa.

Jioni mama hakuwa amepoa.

"Gazeti la Serikali lina nakala, ukiwa na nambari yake utalipata. Heshima ya mtu haina kabati la kuitolea nyingine. Umesema kweli, mwanangu, umeniokoa. Lakini kitu usichokijua usikitie mkasi. Uliza kwanza."

Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe? Mtoto kakiri kosa lake. Lako nnalisubiri tangu Ijumaa."

Machano alikohoa, akatazama chini.

"Niwie radhi, Sichana."

"Sema kwa sauti," alisema mama. "Matusi uliyasema kwa sauti."