Mvua ya Mwezi wa Kumi

Nilimmwagia mjukuu wangu ndoo nzima ya maji ya kisima... akiwa kitandani!

Ndugu zangu, msinitukane kwanza. Someni mpaka mwisho, mnitukane vizuri.

Mnanijua. Mimi ndiye niliyevua chewa mkubwa kuliko bajaji, akakataa kufa mpaka nilipomwomba radhi. Hapa Kiranjeranje hakuna anayenifikia kwa fiksi.

Asubuhi ile korosho zilikuwa zinatungoja shambani. Mjukuu wangu Mwanasha kajikunja, macho ya njano.

"Mke wangu, amka!" Ndiyo utani wetu.

"Babu, mifupa inaniuma. Kama mtu anaipigilia misumari kwa ndani."

"Jana mguu, leo mgongo! Maumivu gani haya yanayosafiri bila nauli?"

"Ni sikoseli, babu. Nimechoka hata kunyanyua kope."

"Miaka kumi na saba, umechoka nini? Kamba hizo kampige mwalimu wako!"

Mimi! Bingwa wa uongo tarafa nzima, nikamwita mtoto muongo.

Nikabeba ndoo...

Weee! Yowe lile sijapata kulisikia. Ile baridi iliamsha kila mfupa. Akang'ata kanga. Halafu akalegea... nikaitupa ndoo, nikambeba.

Bodaboda, mbio hadi hospitali. Nesi Martina akamshika nguo.

"Nani kamloanisha mgonjwa wa sikoseli?"

"Mvua, nesi."

"Mvua ya mwezi wa kumi, mzee? Na vumbi lote hili?"

Mara ya kwanza maishani nikakosa la kuongezea!

Mwanasha akafumbua jicho moja.

"Kweli, nesi. Ilininyeshea."

Nesi akanitazama weee... akaandika: mvua.

Mmeona? Miaka yote kasema kweli, nikamwita muongo. Siku aliyosema uongo, alikuwa ananisitiri mimi.

Mtu akikwambia mifupa inamuuma, mwamini. Mfunike, mpe maji ya kunywa, muwahishe hospitali. Ndoo iache kisimani.

Alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Nikamwomba radhi.

"Yameisha, babu."

Nikajaribu: "Mke wangu!"

Zamani angenijibu, "Nyamaza, kibogoyo wangu!" tukacheka mpaka jirani agonge ukuta.

Siku hizi anainamisha kichwa tu.

"Shikamoo, babu."

Adabu tupu... Nami kila asubuhi naitikia marahaba, inanipita kooni kama mwiba wa samaki.